Mmeuliza Maji, Hamkuuliza Jasho

Siku hizi imezuka desturi katika miji yetu ya pwani: ikifika likizo, watu hukodi basi, wakachukua wake zao na watoto wao, wakaenda kutembea bara. Vijana hupanda mlima Kilimanjaro kwa kuongozwa, kisha wote huenda kuoga katika chemchemi za maji moto. Wako wanaosema hiyo ni israfu na upuuzi. Mimi si katika hao. Mwenyezi Mungu ametuamrisha tutembee katika ardhi tutazame jinsi alivyoanzisha viumbe vyake, na mlima ule wa mita 5,895, wenye barafu karibu na ikweta, ni katika ishara zake. Basi nendeni. Lakini liko jambo watu wamelifumbia macho, nalo ndilo linalonishikisha kalamu.

Likizo iliyopita nami nilikuwamo katika safari hiyo. Tulitoka Ubena tukapita Chalinze, Segera, Korogwe na Same mpaka Moshi. Vijana wakapanda kwa njia ya Marangu, sisi wazee na kina mama tukabaki chini. Siku ya tano tukaenda langoni kuwapokea. Wakateremka salama, alhamdulillahi, wakakumbatiwa, wakapigwa picha. Nyuma yao wakateremka wapagazi na mizigo vichwani, mmoja wao kiatu chake kimefungwa kwa kamba. Wakaitua mizigo yetu, wakakaa kitako kungoja ujira wao. Wakala aliyetutengenezea safari akawaambia wangoje mpaka wiki ijayo. Ama bakshishi, wageni wakipenda watatoa. Wageni ndio sisi. Tukapanda basi letu, qasida ikaanza, tukaondoka. Nami nilikuwamo ndani ya basi hilo, sikufungua mdomo.

Kesho yake tukaenda Chemka, wilaya ya Hai, si mbali na Boma ya Ng'ombe. Jina lake Chemka na watu huiita maji moto, ingawa maji yake ni ya uvuguvugu tu, safi, yako chini ya mikuyu. Hapo ndipo maswali yaliponimiminikia. Je, maji haya yafaa kutawadhia? Nikajibu yafaa. Wanavyuoni wetu wa Kishafi wamechukiza maji yaliyopashwa na jua ndani ya chombo cha madini katika nchi za joto. Ama maji yaliyotoka ardhini na joto lake hayamo katika karaha hiyo, ila yakiwa makali hata mtu asiweze kutimiza udhu wake. Na yale ya Amboni, Tanga, yanayonuka kiberiti? Hayo nayo ni tohara, kwani harufu ile imetokana na mahali pake yanapopita. Wakauliza juu ya nguo za kuogea. Nikasema wanawake wawe na wakati wao na wanaume wakati wao. Wakauliza juu ya kukusuru sala.

Maswali mazuri yote, na mwenye kuuliza hujifunza. Lakini katika kujibu nikaingiwa na haya. Watu wazima wasiopungua thelathini wameniuliza habari ya maji, wala hapana hata mmoja aliyeniuliza habari ya jasho la wale tuliowaacha langoni.

Ndugu zangu, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa mwajiriwa hupewa ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Na katika Hadithi aliyoipokea Bukhari wametajwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama: aliyetoa ahadi kwa jina lake kisha akahini, aliyemuuza mtu huru akala thamani yake, na aliyemwajiri mtu akatimiziwa kazi naye asimlipe. Tazama alivyowekwa huyu wa tatu! Kawekwa ubavuni mwa muuza watu. Na sisi wa Bagamoyo hatuna haja ya kuelezwa kuuza watu ni nini. Misafara ya bara ilikomea kwetu. Wapagazi wa Kinyamwezi waliteremka na pembe za ndovu, mzigo wa mtu mmoja yapata frasila mbili, ndizo kilo thelathini na ushei. Leo huko Kilimanjaro sheria ya hifadhi ni kilo 20. Mzigo umepungua, lakini mtu aliye chini ya mzigo ni yule yule mwana wa Adamu.

Watasema: "Sisi tumekwisha kumlipa wakala, akidhulumu, dhambi ni yake." Tunawajibu: dhambi ni yake, naam, lakini mizigo ilikuwa ya nani? Mliona kwa macho yenu hawakulipwa, mkaondoka. Na mlipotafuta wakala mlimchagua aliye rahisi kuliko wote, wala hamkujiuliza urahisi ule unatoka mgongoni mwa nani.

Watasema: "Wanapata bakshishi." Bakshishi ni hisani, na ujira ni haki, hisani hailipi deni. Tena katika mlango wa ijara tumesoma kuwa ujira sharti ujulikane. Ukiwa haujulikani mapatano yameharibika, na mfanya kazi hustahiki ujira wa mfano wake.

Watasema: "Wao wenyewe wamekubali." Mwenye njaa hukubali mengi.

Tuliporudi tulichanga fedha tuwapelekee. Tukakwama: hapana aliyejua majina yao! Siku tano wamewapikia vijana wetu na kuwabebea maji, na hapana aliyemuuliza mwenzake, "Waitwaje, ndugu yangu?" Mwaka 1889 Mjerumani Hans Meyer alifika kileleni pamoja na Purtscheller. Wengine waliporudishwa chini, aliyebaki nao katika kambi ya juu kwenye baridi ile alikuwa mtu wa pwani yetu, Mwini Amani wa Pangani. Jina lake tunalijua kwa kuwa Meyer aliliandika. Mgeni yule aliandika jina la mpagazi wake. Sisi tunaosalimiana kwa amani mara tano msikitini tumeshindwa hata kuuliza.

Basi mkitaka kwenda tena, nendeni, lakini kabla ya kutoa fedha mwulizeni wakala mbele ya mashahidi: mpagazi atalipwa kiasi gani kwa siku? Nani atamlipa, na lini? Atalala wapi, atakula nini? Mizigo ipimwe mbele yenu. Yaandikeni majina yao. Na siku ya kuteremka, basi lisiondoke langoni mpaka wa mwisho wao ameshika haki yake mkononi.

Mkifanya hayo, kaogeni Chemka. Msipofanya, maji yale yatawatohoa miili tu, na deni litabaki shingoni mpaka Siku ya kulipana. Na wa kwanza ninayemwonya kwa maneno haya ni mimi mwenyewe niliyenyamaza ndani ya basi.

Wa billahi tawfiq.