Moto Usio na Moshi

Mtu akituambia kwamba ugomvi wa Wabelgiji juu ya umeme wao hautuhusu, na tumkumbushe Shinkolobwe. Wachimbaji wa Katanga ndio walioitoa ardhini sehemu kubwa ya urani iliyotiwa katika bomu la Hiroshima mwaka 1945. Kwetu sisi, neno atomi si geni.

Urani hiyo hiyo, ikipasuliwa polepole ndani ya kinu, huchemsha maji, na mvuke wake huzungusha mashini za umeme. Hakuna kuni wala makaa, wala moshi.

Ubelgiji ulikuwa na vinu 7, huko Doel na Tihange. Mwaka 2003 bunge lao lilitunga sheria ya kuvifunga vyote, cha mwisho mwaka 2025. Hofu yao ilikuwa na sababu: ajali ya Chernobyl ya mwaka 1986 haikusahauliwa. Lakini mwezi wa tano 2025 wabunge waliifuta sheria ile. Vita vya Ukraine vilikuwa vimepandisha bei ya gesi, na watu walianza kuuliza: tukifunga vinu, tutawasha nini?

Swali hili ni la haki. Mwaka 2014 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walihesabu hewa ya ukaa, ile inayoifunika dunia kama blanketi na kuzidisha joto. Kwa kila kilowati-saa ya umeme, makaa ya mawe hutoa gramu 820, gesi 490, atomi 12 tu, hata ukihesabu kazi ya kuchimba urani. Sisi twaona kwamba anayefunga kinu kizima apate kuchoma gesi anafagia nyumba yake na kutupa takataka uani kwa jirani. Na jirani huyo ni mkulima asiyejua tena mvua itanyesha lini.

Hata hivyo wapinzani hawajajibiwa. Mabaki ya urani hudhuru kwa maelfu na maelfu ya miaka, nani atayalinda? Huko Mol, Wabelgiji wamechimba katika udongo wa mfinyanzi hata kufika meta 225 chini, wapime kama udongo ule utaweza kuyashika. Mahali pa kuyazika hapajachaguliwa.