JERAHA LA SAMAKI NI JERAHA LA KAZI

Ndugu wafanyakazi,

Mtu akiangukiwa na kasha bandarini, kila mmoja humwona na karani huandika. Lakini mvuvi wa kuajiriwa akiumwa na mkunga, au mpasua samaki akichomwa na mwiba wa pezi, huambiwa: "Hilo si neno, funga kitambaa uendelee." Mimi nasema ni neno kubwa. Jeraha hilo liandikwe siku ile ile.

Sababu ni hii. Katika vinywa vya wanyama wa baharini, katika utelezi wa samaki, na katika maji yenyewe, mna vijidudu vinavyoingia penye ngozi iliyopasuka. Vingine ni vya haraka: jamii ya vibrio huweza kuozesha nyama ya mwili kwa siku moja au mbili, na huweza kumwua mtu, hasa mwenye ugonjwa wa ini au wa sukari. Vingine hukawia. Erisipeloidi, ugonjwa wa washika samaki, hutokea baada ya siku 2 hadi 7. Kidole huvimba, huwa chekundu cha zambarau na huuma sana. Tena wako vijidudu walio jamaa ya wale wa kifua kikuu, ambao uvimbe wao hutokea baada ya majuma kadha, pengine miezi. Wakati huo jeraha limekwisha funga, na mwenye kazi atauliza: "Uliumia lini? Nani alikuona?" Utamjibu nini ikiwa hakuna maandishi?

Wawinda sili wa Norway waliyajua mambo haya kwa machungu. Aliyeumwa na sili, au aliyejikata akimchuna, alivimba kidole na kiungo kikakakamaa. Daktari aliuandika ugonjwa huo mwaka 1907. Kabla ya dawa za kisasa kupatikana, wengine walikatwa vidole. Penisilini haiuponyi, tetrasiklini huuponya. Lakini erisipeloidi huponywa na penisilini. Basi vidole viwili huvimba karibu sawasawa, na dawa zake ni mbalimbali. Usipomwambia daktari ni mnyama gani aliyekuuma, atabahatisha tu.

Sheria iko upande wetu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri kuwapa glavu na viatu vya kufaa wafanyao kazi penye maji, na kuweka sanduku la huduma ya kwanza. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka huo huo yamtaka apeleke habari ya ajali kwa Mkurugenzi ndani ya siku 7.

Najua wako wenzetu wanaozivua glavu, kwa kuwa hulipwa kwa kilo na glavu huwachelewesha. Neno hilo tulipeleke penye mapatano ya mshahara. Si haki mtu mmoja aachiwe kuchagua kati ya kidole chake na posho ya watoto wake.

Kwa hiyo, ndugu: ukiumwa, osha jeraha mara moja kwa maji safi na sabuni, mwambie msimamizi, hakikisha limeandikwa, nenda kwa daktari, uliza na sindano ya pepopunda. Msimamizi akikataa kuandika, mwite mjumbe wa chama.

Kidole kikikatwa hakioti tena.

Mwanachama