Msimbo wa Kuazima Katika Ghala la Shule

Mwanachuo anayejiandaa kufundisha TEHAMA katika shule ya msingi yafaa ajizoeze mapema kuhifadhi programu zake katika ghala la matoleo. Aghalabu hutumika Git, chombo kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Ghala hilo hukumbuka kila badiliko: nani alilifanya, lini, na katika mstari upi. Lakini namna ya kutunza msimbo wa watu wengine uliomo ndani ya programu zetu haitiliwi mkazo wa kutosha, ingawa programu nyingi ni za kuazima kuliko za kuandikwa. Mwalimu anayetunga zoezi la kuzidisha lenye michoro huandika pengine mistari 100. Michoro yenyewe huchorwa na maelfu ya mistari ya mtu asiyemjua.

Watoto wa kando ya Ziwa Jipe wanaweza kulielewa jambo hili upesi. Maji ya Jipe hutoka katika Mto Lumi na katika vijito vya milima ya Pare ya Kaskazini, na udongo unaomomonyoka huko juu hushuka ziwani, matete yakapata pa kuota. Mvuvi hakulima mlimani, lakini mtumbwi wake ndio unaokwama. Waandishi wa programu nao, katika lugha yao ya kazi, huita chanzo cha msimbo walioazima mkondo wa juu.

Huko mkondo wa juu mambo huharibika. Tarehe 22 Machi 2016, Azer Koçulu aliondoa kazi zake katika npm, hazina kubwa ya msimbo wa JavaScript. Mojawapo, left-pad, ilikuwa na mistari 11 tu, na kazi yake ilikuwa kuongeza nafasi mwanzoni mwa neno mpaka lifikie urefu unaotakiwa. Programu nyingi duniani zilishindwa kuundwa, mpaka npm ilipoirudisha baada ya saa mbili hivi.

Wakulima wa Same wanazo ndiva, yaani mabwawa yanayokusanya maji ya mfereji usiku ili yafunguliwe mashambani mchana. Sisi twaona ghala la shule liwe kama ndiva. Msimbo wa kuazima unakiliwe wote ndani yake, katika toleo lililokwisha kujaribiwa, wala usivutwe mtandaoni kila zoezi linapofunguliwa.

Wapo watakaotupinga. Watasema yatosha kuandika orodha ya vinavyohitajika pamoja na namba za matoleo, na kwamba kunakili kila kitu hulinenepesha ghala bure. Katika ofisi yenye mtandao mchana kutwa, wana haki. Lakini Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, mtandao ulizorota Tanzania nzima, ofisi hizo zikiwemo. Sembuse shule ambayo mtandao wake ni simu ya mwalimu na kifurushi cha wiki!

Hapana budi tuwatahadharishe wanachuo juu ya njia moja ya Git inayohadaa, iitwayo sabmoduli. Kwa njia hiyo, ghala lako huandika tu anwani ya ghala la mwingine na alama ya toleo lake. Katika kompyuta ya aliyeliunda, kila kitu huonekana kipo. Mwenzake akilinakili kwa amri ya kawaida hukuta folda tupu. Inahitajika amri ya pili, nayo hutaka mtandao. Aliyebeba nakala ya namna hiyo katika flashi mpaka shuleni amebeba anwani, na darasa zima litakaa likitazama kioo kisicho na kitu. Kunakili faili zenyewe ni njia ya kishamba zaidi, lakini haimwachi mtu njiani.

Ndiva nayo hujaa tope, na wenyewe hutoka kwa msaragambo kuizibua. Msimbo ulionakiliwa huzeeka vivyo hivyo. Ilipogunduliwa kasoro kubwa ya usalama katika Log4j, Desemba 2021, mashirika mengi yalihangaika kwanza kujua kama yalikuwa nayo, kwa kuwa ilikuwa imejificha ndani ya vitu vingine walivyoazima. Kwa hiyo msimbo wa wengine uwekwe katika folda yake, pamoja na maandishi yanayotaja ulikotoka, toleo, tarehe na leseni. Leseni ya MIT, kwa mfano, huruhusu karibu kila matumizi, ila hudai tangazo la hakimiliki libaki pamoja na nakala. Ukilazimika kurekebisha kitu ndani ya folda hiyo, badiliko lihifadhiwe peke yake na kuelezwa sababu. Vinginevyo atakayeleta toleo jipya atalifuta asijue.

Katika mazoezi ya kufundisha, mwanachuo azime mtandao, alinakili ghala kutoka kwenye flashi hadi katika kompyuta ambayo haijapata kuliona, kisha afungue zoezi. Afanye hivyo siku 3 kabla ya kipindi, si asubuhi ya kipindi chenyewe.