Greda Lipimwe Kabla ya Kutibiwa

Mwananchi wa Bumbire, Ikuza au Goziba anapougua sana hukabiliwa na safari mbili. Ya kwanza ni ya maji, mpaka mwaloni upande wa bara. Ya pili ni ya barabara, mpaka hospitali ya Kagondo au nyingine yo yote wilayani Muleba. Ya kwanza hutegemea ziwa na upepo. Ya pili, pale ambapo lami haijafika, hutegemea greda.

Bukoba ni miongoni mwa miji yenye mvua nyingi kuliko yote nchini. Wastani wake hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka. Katika nchi ya mvua kama hii, barabara ya udongo isiyochongwa kwa wakati hugeuka mfereji. Kwa hiyo greda likilala wiki sita kwa ubovu, hasara si ya idara yenye greda peke yake. Ni ya mkulima wa kahawa, ya mvuvi mwenye samaki wanaoharibika, na ya mama mja mzito anayesubiri gari.

Hatusemi haya kwa nia ya kulaumu. Tunasema kwa sababu magreda yamebadilika, na namna yetu ya kuyatengeneza haina budi kubadilika nayo. Greda la miaka ya 1970 lilikuwa chuma, mafuta na nyaya chache. Fundi hodari aliweza kulisikiliza akajua linaumwa wapi. La leo lina kompyuta ndogo kadhaa: ya injini, ya giaboksi, ya haidroli na ya dashibodi. Kompyuta hizo hupashana habari kwa nyaya mbili zilizosokotwa pamoja. Mfumo huo, uitwao CAN, ulitangazwa na kampuni ya Bosch ya Ujerumani mwaka 1986, na sasa umeenea katika malori, matrekta na mitambo ya ujenzi duniani kote.

Mawasiliano hayo yakikatika, mtambo huweza kusimama ijapokuwa injini ni nzima. Giaboksi hukosa habari za injini ikakataa kuingiza gia. Taa nyekundu huwaka. Dashibodi hutoa namba ya hitilafu. Hapo ndipo makosa huanza. Namba hiyo ni dalili tu, lakini husomwa kana kwamba ni hukumu. Ikisema kwamba kompyuta ya injini haisikiki, haina maana kwamba kompyuta hiyo imekufa. Huenda ni nzima, ila waya umekatika njiani. Kuagiza kompyuta mpya kwa fedha nyingi, kisha kukuta ugonjwa uko pale pale, ni sawa na kumpasua mgonjwa ambaye hajapimwa.

Kipimo cha kwanza hakina gharama kubwa. Katika kila ncha ya nyaya zile mbili hufungwa rezista ya omu 120. Mtambo ukizimwa na betri ikifunguliwa, fundi mwenye mita ya kawaida ya umeme akipima kati ya nyaya hizo anapaswa kupata omu 60 hivi. Akipata 120, ajue kwamba rezista moja haipo au waya umekatika. Akipata karibu na sifuri, nyaya zimegusana. Basi achomoe soketi moja moja mpaka kipimo kibadilike, na hapo atakuwa amepakaribia penye ugonjwa.

Mara nyingi atakachokiona ni kitu kidogo: soketi iliyoingia maji ikashika kutu, waya uliosuguliwa na chuma au kutafunwa na panya, au betri dhaifu. Wakati mwingine ni madhara ya mtu aliyechomelea chuma bila kwanza kufungua betri na kuchomoa kompyuta. Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi kama ya bahari, lakini unyevu na tope vyatosha kuleta kutu. Greda linalovushwa kwenda kisiwani lastahili kukaguliwa soketi zake kabla halijaanza kazi.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, TANROADS, TARURA, halmashauri na kila anayenunua mtambo kwa fedha za umma wadai katika mkataba michoro ya nyaya, chombo cha kusomea hitilafu na kibali cha kukitumia, na vitu hivyo vikae mkoani. Pili, mafundi waliopo wapewe mafunzo ya kazi hii. Mkoa wetu una chuo cha VETA kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2022. Panafaa pawe mahali pa kuanzia. Tatu, ombi lo lote la kununua kompyuta ya mtambo lisiidhinishwe mpaka liambatane na karatasi ya vipimo yenye sahihi ya fundi.

Wapo watakaosema kwamba fundi wa mkoani ataharibu mtambo wa mamilioni. Hoja hiyo ina ukweli wake kuhusu kubadili programu za kompyuta. Kazi hiyo na ibaki kwa wataalamu wa muuzaji. Lakini kupima waya si kubadili programu. Mtaalamu akiitwa kutoka Dar es Salaam, aitwe baada ya vipimo, aje akijua anakuja kufanya nini.

Maafa nayo hayamsubiri mtaalamu. Tetemeko la Septemba 10, 2016 halikutoa taarifa. Ndege ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba Novemba 6, 2022, wavuvi ndio waliotangulia kuokoa. Siku kama hizo mkoa huhitaji kila mtambo ulio nao, na mtambo ulioegeshwa kwa ajili ya waya mmoja hautamwokoa mtu.

Kwa viongozi, kazi ni kuweka utaratibu huu kabla ya mvua zijazo. Kwa wananchi wa visiwani, haki yenu si kuuliza tu greda litakuja lini. Ulizeni pia: limepimwa? Nani amelipima? Amepata omu ngapi?