DAKTARI WA SUKARI: FIMBO YA MBALI HAIUI NYOKA



Mara hii twataka kusema nanyi juu ya ugonjwa wa sukari, na hasa juu ya swali ambalo wengi wenu huwauliza wajumbe wa chama mashambani: "Nikiwa na sukari, nimwendee daktari gani?" Swali hili si dogo. Mtu akikosea hapa hupoteza fedha kwanza, na baadaye huenda akapoteza mguu, macho au uhai.

Tuanze na kisa cha mwenzetu mmoja, mchumaji chai wa miaka mingi. Alipoambiwa ana sukari, jamaa zake walimshauri asipoteze wakati na kliniki za hapa, bali aende Nairobi kwa bingwa mwenye jina. Akauza mtamba wake, akapanda gari, akamwona bingwa. Bingwa alimpima vizuri, akamwandikia dawa, akamwambia arudi baada ya miezi mitatu. Hakurudi. Mtamba wa pili hakuwa nao. Dawa zilipokwisha alikaa hivi hivi, akichuma chai kama kawaida, na kwa kuwa hakusikia maumivu alidhani amepona. Ulipopita mwaka na zaidi, akapata kidonda cha kidole ndani ya buti la mpira, wala hakukisikia, kwani sukari ilikuwa imekwisha kuua hisia za nyayo. Leo mguu mmoja umekatwa chini ya goti, na kazi ya kuchuma imekwisha.

Hatusemi bingwa yule alikosea. Iliyokosewa ni njia. Sukari si jino bovu, ling'olewalo siku moja mambo yakaisha. Ni ugonjwa wa maisha, na daktari wake ni wa kurudiwa mwaka hata mwaka. Wazee walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Basi shauri letu ni hili: chagua kwanza daktari unayeweza kumrudia, naye akuonyeshe njia ya kwenda kwa bingwa siku utakapomhitaji.

Tueleze kidogo. Mtu hupata sukari kongosho linaposhindwa kutoa insulini ya kutosha, ama mwili unaposhindwa kuitumia vizuri. Insulini ni homoni, na ndiyo sababu daktari bingwa wa homoni ndiye mtaalamu wa juu wa ugonjwa huu. Lakini mabingwa hawa ni wachache mno katika Kenya, na wengi wao wako Nairobi na katika miji mingine mikubwa. Wako pia madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani, madaktari wa kawaida, matabibu wa kliniki, na wauguzi waliofundishwa kazi ya sukari. Mtu mzima mwenye sukari ya aina ya pili, ambayo ndiyo ya kawaida, aweza kutunzwa vema na hawa, maadamu vipimo vyafanywa na dawa hazikatiki.

Wako lakini watu wasiofaa kukaa bila kuonwa na bingwa, au bila daktari wao kupata shauri la bingwa. Nao ni mtoto au kijana mwenye sukari ya aina ya kwanza. Mwanamke mwenye sukari aliye mja mzito, au anayetaka kupata mimba. Mtu ambaye sukari yake haishuki ingawa ameza dawa kama alivyoagizwa. Mtu ambaye sukari humshuka ghafula mara kwa mara hata akaanguka. Na mtu ambaye figo zake zimeanza kuharibika. Hao na waombe barua ya kupelekwa mbele. Kutoka kwetu, watu hupelekwa Nakuru, Kisumu, Hospitali ya Moi ya Eldoret, au Kenyatta ya Nairobi. Mwende na barua na kitabu cha vipimo, ili bingwa asianze upya na fedha zenu zisiishie kwenye vipimo vilivyokwisha fanywa.

Sasa, utamjuaje daktari anayefaa? Hapa kwetu tuna Hospitali ya Kaunti ya Kericho, Kapkatet, Longisa, na za misheni kama Tenwek, Litein na Kaplong, mbali na zahanati za mashamba. Usichague kwa ukubwa wa bango wala kwa sifa za sokoni. Uliza haya:

(1) Je, ana leseni? Daktari wa kweli ameandikishwa na Baraza la Madaktari, na leseni yake hutolewa upya kila mwaka. Anayejiita bingwa, ubingwa wake uwe umeandikwa huko. Si utovu wa adabu kuuliza.

(2) Je, pana siku maalumu ya kliniki ya sukari? Penye siku maalumu mara nyingi pana muuguzi anayejua kazi, na wagonjwa wenzako wa kukufunza mengi.

(3) Je, hupima A1c? Kipimo hiki huonyesha wastani wa sukari ya miezi mitatu iliyopita. Sukari ya asubuhi moja yaweza kukudanganya, hii si rahisi. Kwa watu wazima wengi lengo ni chini ya asilimia 7, ingawa daktari aweza kukuwekea lengo lako mwenyewe.

(4) Je, hukuvua viatu? Daktari wa sukari asiyetazama miguu hajafanya kazi yake. Walau mara moja kwa mwaka atazame nyayo, apime figo, akupeleke kupimwa macho. Na kila uendapo apime presha.

(5) Je, dawa hupatikana pale pale, na kwa bei gani? Dawa nzuri usiyoweza kuinunua mwezi wa pili si dawa yako. Mwambie daktari kipato chako bila haya. Viko vidonge vya bei nafuu ambavyo vimetumika miaka mingi duniani kote.

(6) Je, husema nawe kwa lugha unayoielewa? Ukitoka chumbani mwake hujui umeze nini na lini, hukutibiwa.

Ukipata majibu mema kwa maswali haya sita, kaa na daktari huyo, hata kama hana jina kubwa.

Twawaonya pia juu ya wauzaji wa dawa za kumaliza sukari, wapitao katika kambi siku za mshahara. Mgonjwa wa aina ya kwanza akiacha insulini kwa ahadi zao, hufa. Kabla ya insulini kupatikana, mtoto wa namna hiyo hakuwa na tumaini. Banting na Best waliigundua huko Toronto mwaka 1921, na Januari 1922 mgonjwa wa kwanza akadungwa, naye alikuwa kijana wa miaka 14. Haifai leo, miaka mia na zaidi baadaye, watoto wa wachumaji chai wafe kana kwamba dawa hiyo haijapatikana.

Sasa tuje kwenye jambo linalokihusu chama. Twajua kwa nini wengi hawarudi kliniki. Mchumaji hulipwa kwa kilo. Siku ya kliniki mizani yake ni sufuri. Tena siku hizi mashine za kuchuma zimepunguza kazi, na mtu huogopa kwamba akijulikana ni mgonjwa atakuwa wa kwanza kuachishwa. Kwa hiyo huficha kitabu cha kliniki chini ya godoro. Wenzetu hawa si wajinga. Wamepiga hesabu ya njaa, na njaa ni ya leo, mguu ni wa kesho.

Hesabu hiyo yafaa ibadilishwe. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 30, yampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo ya kazi likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 7 kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara, akileta cheti cha daktari. Hicho ndicho kiwango cha chini. Tena tangu Oktoba 2024 sote twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua mahali pa NHIF. Mwenye mshahara wa shilingi 16,000 hukatwa shilingi 440 kila mwezi. Fedha hizo ni jasho lenu. Hakikisheni mmeandikishwa ninyi na watoto wenu, na mwulize hospitalini ni huduma zipi zilizokwisha kulipiwa kabla ya kutia mkono mfukoni.

Lakini sheria haisemi wazi juu ya siku ya kliniki ya mtu ambaye hajalala kitandani. Twaona hapa ndipo pa kusukuma. Mgonjwa wa sukari aliyetulia huhitaji kliniki kama mara nne kwa mwaka. Twapendekeza wajumbe walipeleke katika majadiliano ya makubaliano ya pamoja: siku nne za kliniki kwa mwaka, zilipwe kwa wastani wa kilo za mfanyakazi huyo za mwezi uliotangulia, kwa kuonyesha kitabu kilichopigwa muhuri. Mabwana wa makampuni wasituambie kilo haziwezi kukadiriwa. Makarani wao wa mizani huandika kila kilo kila siku. Na siku nne ni rahisi kuliko kumpoteza mchumaji hodari.

Nanyi ndugu wanachama, fanyeni upande wenu. Mwenye kiu isiyokwisha, anayekojoa mara nyingi usiku na kukonda bila sababu, akapimwe wiki hii. Kila jioni ukivua mabuti, tazama nyayo na katikati ya vidole. Ukitumia insulini, mwambie mwenzako wa mstari wa karibu, ili akiona unatetemeka na kutoka jasho jingi akupe sukari mara moja, wala asidhani umelewa. Nanyi wanyapara, msimcheke mtu wa namna hiyo.

Mwenzetu yule aliyekatwa mguu alituomba tuandike haya. Alisema, "Waambieni mimi sikukosa daktari. Nilikosa nauli ya kurudi."

UMOJA NI NGUVU.

Mhariri