Kujitolea kwetu kusiwe kichaka cha Serikali kujificha

Najua wapo watakaosema nimekosa cha kuandika: "Watu wamepoteza maisha, wengine wako mahabusu, wewe unatuletea habari za mbwa?" Nawaomba mnisome hadi mwisho. Hii ni siasa kuliko inavyoonekana.

Hapa Ukonga tupo vijana sita tunaojitolea kwenye banda linalohifadhi mbwa na paka waliotelekezwa. Hatulipwi hata nauli. Tunafagia, tunapika ugali wa dona na dagaa, tunaosha vidonda, na daktari wa mifugo akija kuchanja tunamshikia wanyama.

Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa na Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje kuanzia saa 12 jioni. Siku zilizofuata usafiri ulikuwa wa kubahatisha na maduka mengi huku kwetu yalifungwa. Michango ya marafiki ilikuwa kwenye simu, lakini wakala hayupo. Sasa mbwa atajuaje kuna amri? Wanaoishi jirani na banda wakachukua zamu za mchana, mama ntilie akatupa ukoko, mwenye bucha akatukopesha mifupa. Hakuna mnyama aliyekufa njaa.

Mtaa ulijibeba, na najivunia hilo. Ila nauliza: kwa nini jambo hili litegemee huruma ya vijana wasio na ajira?

Nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008. Muulize mkazi yeyote wa Gongo la Mboto au Mazizini kama amewahi kuisikia. Anachokijua ni kwamba mbwa wakizidi mtaani, dawa yao ni sumu au risasi.

Na hapa hatuzungumzii mbwa tu. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu, kupona ni nadra mno. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa watu hutokana na mbwa, na katika kila watu 100 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo, 40 ni watoto chini ya miaka 15. Mtoto wa kigogo akiumwa, anachomwa chanjo siku hiyo hiyo. Mtoto wa muuza karanga wa Ukonga anasubiri baba akakope kwanza. Huo ndio ubaguzi tunaoupigia kelele kila siku, safari hii umekuja na meno.

Msiniambie haiwezekani. Pemba waliutokomeza ugonjwa huu kwa kuchanja mbwa kwa wingi. Ulipoingia tena mwaka 2016, wakachanja tena wakaumaliza. Kinachotakiwa ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa, na kurudia bila kuchoka. Kuua ovyo hakusaidii. Unaua hata waliokwisha kuchanjwa.

Kwa hiyo tuibane Halmashauri ya Jiji, ambayo Ukonga iko chini yake, kwa mambo matatu. Kwanza, chanjo ya mbwa ya bure kila mwaka, mtaa kwa mtaa, si tangazo la Septemba 28 peke yake. Pili, chanjo ya binadamu ipatikane bure kwenye vituo vya afya vya umma. Tatu, kazi hii iwe ajira: wapo vijana waliosoma mifugo wanaoendesha bodaboda.

Wakati huo huo, tuelimishane. Ukiumwa na mbwa, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha kimbia hospitali. Usipake mafuta ya taa, usisubiri.

Sisi bandani tutaendelea. Lakini kodi tunalipa, kila tunaponunua bando na sukari. Kikao kijacho cha mtaa, nyoosha mkono, uliza fungu la chanjo liko wapi, na jibu liandikwe kwenye muhtasari.