Mwaka wa Kwanza wa Udaktari Usimsubirishe Mgonjwa

Shahada ya kwanza ya udaktari nchini Tanzania huchukua miaka mitano, ikifuatiwa na mwaka mmoja wa utarajali. Katika miaka hiyo yote, wa kwanza ndio unaojenga mazoea. Mwanafunzi husoma anatomia, fiziolojia na biokemia. Hushinda darasani, maabarani na mbele ya mwili wa marehemu. Mgonjwa aliye hai, mwenye jina, familia na hofu zake, mara nyingi humkuta baadaye. Kwa maoni yangu, mitaala yenye mpangilio huo yafaa irekebishwe.

Mpangilio wenyewe una asili yake. Mwaka 1910 Abraham Flexner, mwalimu ambaye hakuwa daktari, alitoa ripoti baada ya kuchunguza vyuo 155 vya udaktari vya Marekani na Kanada. Vingi viliendeshwa kibiashara, bila maabara za kutosha. Alipendekeza miaka miwili ya sayansi za msingi, kisha miwili ya hospitali. Dawa hiyo iliufaa ugonjwa wa wakati ule. Lakini mwaka 1969 Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, kilianza kufundisha udaktari kwa vikundi vidogo vilivyoanza na tatizo la mgonjwa. Hapa jirani, Chuo Kikuu cha Moi cha Eldoret, Kenya, kilifanya mafunzo ndani ya jamii kuwa sehemu ya masomo ya udaktari. Kwa hiyo pendekezo hili si geni.

Kwetu ipo sababu ya ziada, nayo ni lugha. Mwanafunzi hufundishwa kwa Kiingereza, ilhali mama anayemkimbiza mwanawe hospitali husema mtoto ana degedege. Katika jamii nyingi neno hilo hubeba imani kwamba tatizo linahitaji mganga kabla ya daktari. Mwenye kisukari husema miguu inawaka moto. Mwenye shinikizo la damu huacha dawa kwa kuwa anajisikia vizuri. Mwanafunzi asiyezisikia kauli hizi mapema ataziona baadaye kuwa ujinga wa mgonjwa, kumbe ndani yake mna maelezo ya ugonjwa na sababu ya kuchelewa kwa matibabu.

Ninapendekeza kila kikundi kidogo cha mwaka wa kwanza kiende kwenye zahanati au kituo cha afya mara moja kila wiki mbili. Wiki wanayosoma habari za kongosho, wazungumze na mtu anayeishi na kisukari. Wasitibu. Wasalimie, wasikilize, wajifunze kupima shinikizo la damu, waandike maelezo kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe, kisha darasani wayafafanue kwa sayansi. Muda utapatikana tukiacha kuligawa somo moja vipande vipande. Figo, kwa mfano, hufundishwa umbo lake mahali pamoja, kazi yake mahali pengine na kemia yake mahali pa tatu. Haya yanaweza kufundishwa pamoja.

Wapo wanaohofia kwamba sayansi itadhoofika. Hofu hiyo ina uzito, kwani daktari asiyejua sayansi ni hatari. Lakini mwanafunzi aliyesikia habari za degedege ana sababu ya kutaka kujua jinsi malaria inavyoathiri ubongo na kwa nini sukari ya mtoto hushuka. Wengine wanasema walimu ni wachache na wanafunzi ni wengi. Hilo ni kweli. Ndiyo maana wauguzi na matabibu wa vituoni watambuliwe rasmi kuwa walimu, na muda wao wa kufundisha uwekwe kwenye bajeti. Kuwabebesha kazi hii bila malipo ni kuwaonea, na foleni ya wagonjwa itazidi kurefuka.

Tena mgonjwa aombwe ridhaa kila mara, kwa lugha anayoielewa. Akikataa, huduma yake isipungue hata kidogo. Nawe msomaji unayetibiwa, fahamu kwamba kukubali ni hisani yako na kukataa ni haki yako.

Mwisho ni mtihani. Mwanafunzi husoma kile anachojua kitatahiniwa. Tukiongeza ziara za vituoni huku mtihani ukibaki wa kukariri majina ya misuli, ziara zitageuka matembezi. Sehemu ya mtihani wa mwaka wa kwanza iwe kumweleza mtu asiye daktari, kwa Kiswahili fasaha, kwa nini ameze dawa za shinikizo la damu hata siku ambayo haumwi popote. Na kamati za mitaala ziwape viti wauguzi wa zahanati na wagonjwa, kwa kuwa wao ndio watakaopokea matunda ya mtaala huo, matamu au machungu. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji.